Ukiachia resi jetski haikati kona

Jana tena mtu anafunga jaketi lake la kuelea apande jetski, ile pikipiki ya majini, ananiambia, "usijali mwalimu, nikiona kitu mbele naachia resi nakata kona." Hii kauli nimeisikia mpaka imenichosha, na nawafundisha watu kila siku, kwahiyo leo nataka niiongelee vizuri.

Jetski haina bapa la usukani lililozama majini kama boti. Injini inavuta maji kwa chini inayasukuma kwa nguvu yatokee nyuma, na ukikunja usukani unachogeuza ni ule mdomo wa nyuma maji yanakotokea, basi. Maji yakipungua nguvu hakuna cha kuigeuza, yaani unakunja usukani mpaka mwisho na chombo kinateleza kulekule kilikokuwa kinaenda. Kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa hapo unakula karibu mita 17 kila sekunde, na mwenzako anayeogelea mbele hana pa kukimbilia.

Kuna mwanafunzi wangu nilimwona kwa macho, vidole vyote vimefunguka, usukani kaukunja kushoto wote, na jetski imenyooka kwenye boya kama imevutwa na kamba. Ilikuwa boya la plastiki, akapona. Tangu siku hiyo hakuna anayetoka kwangu bila zoezi la dumu: natega dumu tupu linaelea, unakuja spidi ya kati, unalikwepa huku resi umeishikilia, unarudia mara kumi au ishirini mpaka vidole vizoee. Ukiogopa mkono unaachia wenyewe, ndo maana maneno peke yake hayatoshi!

Na msiniambie za kisasa zina breki. Ni kweli zipo zenye breki na zipo zinazoongeza resi kidogo zenyewe ukikata kona, lakini vyote vinategemea injini iwe inawaka, na hazisimami papo hapo kama gari.

Eti kamba ya kuzima injini ni ya wanaojifunza. Hapana, funga mkononi au kwenye jaketi kabla hujawasha, ukidondoka injini inazima na chombo kinabaki karibu yako.

Eti maji ya magotini yanatosha kuwashia. Jamani, inavuta mchanga na mawe hadi kwenye panga la ndani linalosukuma maji, baadae unashangaa injini inalia na chombo hakiendi. Isukume kwa mkono mpaka kina kifike kama sentimita 90, ndo uwashe. Na kabla hujaishusha kwenye treila shika vizibo vya nyuma kwa vidole uhakikishe vimekaza, halafu inua kiti mvuke wa petroli utoke.

Eti najua kuogelea, jaketi la nini? Ukigonga kichwa ukazimia huogelei. Na abiria wa nyuma avae kaptura nzito ya kuzamia, nguo ya kawaida ya kuogelea haitoshi, kwa sababu akidondoka kinyumenyume yale maji yanayotoka nyuma kwa nguvu yanaweza kuingia mwilini kupitia njia ya haja na kumchana ndani. Hili watu wanaona aibu kulisema, mimi nalisema kila siku.

Ikipinduka usiigeuze upande wowote tu. Nyuma kuna stika yenye mshale, ifuate hiyo, ukiigeuza kinyume maji yanaingia kwenye injini.