Rolakosta "yenye" uhalisia pepe, si rolakosta "ya" uhalisia pepe

Uhalisia pepe ni mazingira yanayotengenezwa na kompyuta na kuoneshwa ndani ya miwani inayoziba macho yote mawili, nayo hubadilika kila mvaaji anapogeuza kichwa, hata akajiona yumo ndani yake. Rolakosta ni kile kijitreni cha viwanja vya burudani kinachopandishwa juu ya reli kisha kikaachiwa kiporomoke. Mawili hayo yakiunganishwa, abiria hupanda treni hasa huku macho yake yakioneshwa safari nyingine. Maana ni hiyo tu. Linalonikera ni jina.

Siku ya Idi pili, hapa Unguja, kijana mmoja aliweka kiti cha plastiki kando ya pembea, akawa anawavisha watoto miwani yenye simu ndani yake kwa malipo madogo. Mtoto wa ndugu yangu alikishika kiti kwa mikono miwili, akapiga ukelele, akavua miwani na kuutapika urojo wote aliokula. Ami yangu akatueleza kwamba hiyo ndiyo rolakosta ya uhalisia pepe ya Ulaya, na kwamba huko reli wameshaziacha, kila kitu sasa ni pepe.

Neno hilo limemponza ami, wala simlaumu. Sisi tuliokulia Pemba tunayajua mapepe, zile punje za mpunga zisizo na kiini ambazo ungo ukipepetwa huruka na kuziacha punje nzito, kwa hiyo masikioni mwetu kitu pepe ni kitu kitupu, na kutoka kitupu hadi cha bandia ni hatua moja. Lakini barua pepe si barua tupu. Iko iliyomfukuza mtu kazi. Pepe, pepea, peperuka na upepo ni ukoo mmoja, na kwa maoni yangu upande unaofaa kusikilizwa hapa ni wa upepo, usioshikika wala kuonekana lakini mnazi unautikisa. Tukilisikia hivyo, neno letu halikai mbali na "virtual" la Kiingereza, lile la "virtual reality", jina lililoenezwa na mtaalamu wa kompyuta Jaron Lanier miaka ya 1980; shina lake la Kilatini lina maana ya nguvu, yaani kitu chenye athari hata kama umbo lake halipo. Halisi nayo, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kitu safi kisichochanganywa.

Sasa rolakosta tunayoizungumza ni mchanganyiko mtupu. Mwaka 2015, Europa-Park, kiwanja cha burudani cha Ujerumani, iliwavisha miwani abiria wa Alpenexpress, rolakosta iliyokuwa ikizunguka hapo tangu 1984. Reli ilibaki ileile. Kilichoongezwa ni miwani pamoja na kifaa cha kuijulisha miwani hiyo mahali treni ilipofika, ili picha iporomoke palepale mwili unapoporomoka. Kulingana huko ndiko roho ya jambo, kwa sababu kiungo cha mizani kimo ndani ya sikio, na jicho likisema tunaanguka ilhali sikio linasema tumekaa, tumbo ndilo linalolipa, kama lilivyolipa la mtoto wetu. Hata juu ya reli, picha ikichelewa kidogo tu, kichefuchefu ni kilekile.

Alton Towers, kiwanja cha burudani cha Uingereza, ilifanya hivyo mwaka 2016, rolakosta yake ya 2002 iliyoitwa Air ikawa Galactica, na safari ikawa ya anga za juu. Kila miwani ilitaka kufutwa, kukazwa mikanda na kukaguliwa kabla treni haijaondoka, na foleni inasubiri. Miaka michache baadaye miwani ikaondolewa, reli ikaendelea kubeba watu.

Ami alikuwa bado anamsukutua mtoto kinywa nilipomwambia, kwa adabu yote, kwamba ukivua miwani ya kijana huyu kinachobaki ni kiti cha plastiki, nacho kinaweza kuitwa rolakosta ya uhalisia pepe bila ya ugomvi. Lakini ukiivua ile ya Ulaya, bado unaporomoka na upepo unakupiga usoni. Ile, ami, tuiite rolakosta yenye uhalisia pepe.