Charlie Ward hakufeli, alichagua

Kila akitajwa Charlie Ward, mwanamichezo wa Marekani, hakosi mtu wa kusema: "Yule alishinda Heisman, halafu NFL ikamkataa kwa sababu hakuwa na kiwango." Si kweli, na inamwonea mchezaji aliyekuwa moto wa kuotea mbali.

Heisman ni tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani ngazi ya vyuo; NFL ni ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Ward aliitwaa mwaka 1993 akiwa kwotabeki wa chuo cha Florida State, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Tarehe 1 Januari 1994, katika mechi ya Orange Bowl, wapinzani wao Nebraska waliongoza 16-15 huku ikisalia dakika moja na ushei. Ward akaipeleka timu yake hadi karibu kabisa na mstari wa mwisho, mpira ukapigwa katikati ya milingoti, wakashinda 18-16 na kutwaa ubingwa wa taifa.

Kinachosahaulika ni kwamba chuoni hapo alicheza pia mpira wa kikapu. Alisema wazi kuwa NFL isipomchukua raundi ya kwanza ya drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, huenda akaenda NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu. Timu zikasita kumpa nafasi mtu ambaye angeweza kuondoka, raundi zote 7 zikapita bila jina lake. Miezi michache baadaye New York Knicks wakamchagua wa 26 katika drafti ya NBA, raundi ya kwanza. Akacheza NBA misimu 11, na mwaka 1999 alikuwa kwenye kikosi kilichoanza katika fainali. Huyo ndiye anayeitwa aliyefeli?