Limiti swichi za CNC ya kujitengenezea: yanayosemwa na ukweli wake

Watu wanaojiundia CNC ya mbao (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya Arduino Uno, ile bodi ndogo, na Grbl, programu ya humo inayoendesha mota, huwa wananiuliza wanunue limiti gani, yaani swichi au sensa ya kuiambia mashine imefika mwisho wa mwendo, na kabla sijajibu mtu ashaamua, anataka ile ya bei mbaya kwa sababu eti swichi za kugusa hazina usahihi. Haya, tuanzie hapohapo.

Piga hesabu kwanza. Stepa mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko, skrubu ya T8 ya lidi 8 inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, so hatua moja nzima ni milimita 0.04. Fremu yako ya plaiwudi inapinda zaidi ya hapo ukiiegemea na kiwiko! Na Grbl ikitafuta homu (pale pa kuanzia kupima) inaenda mbio mpaka iguse, inarudi nyuma kidogo, halafu inagusa tena polepole, ule mguso wa pili ndo unaohesabika. Kinachoharibu usahihi ni kile kibati kirefu cha kwenye swichi, kinapinda, chukua yenye kitufe kitupu au yenye rola kwenye kibati kifupi. Mimi nazitoa kwenye maikrowevu mbovu, mlangoni zimo kama tatu hivi (ila kama hujui kutoa chaji kwenye ile kapasita kubwa ya ndani usiifungue, inaua hata ikiwa imechomolewa).

Ila usiiweke swichi mbele ya gari (kile kipande cha mashine kinachosogea) kama ukuta. Iweke pembeni, ibonyezwe na kitu chenye mteremko kinachopita, maana gari halisimami papo hapo, litaisaga.

Lingine, "NO na NC si zote sawa tu?" Hapa ndo niliumia mwenyewe. Nilifunga Z (ekisi, yaani njia ya mwendo, ya kupanda na kushuka) kwa NO, ile ambayo umeme haupiti mpaka ibonyezwe, waya ukakatikia ndani ya mpira kwa kupindapinda na kwa nje unauona mzima kabisa. Siku hiyo nimewasha, Z ikapanda kutafuta homu, ikabonyeza swichi, kimya, mota ikaendelea kusukuma mpaka kapling (kiungo cha mota na skrubu) ikaachia na mimi nimesimama natazama tu kama sio yangu. Kwa NC umeme unapita muda wote mpaka ibonyezwe, kwa hiyo waya ukikatika mashine inaona kama imegonga na inagoma. Kwenye mipangilio ya Grbl unaweka $5=1, ile ya kugeuza maana ya pini za limiti, basi. Swichi mbili za ekisi moja unaziunga mfululizo kwenye pini moja.

Haya tuje kwa wanaosema prox (sensa inayohisi chuma bila kukigusa) haina shida, inaona chuma chochote. Modeli ya LJ12A3-4-Z imeandikwa milimita 4 lakini hiyo ni kwa chuma cha kawaida, ukiipa alumini umbali unashuka hadi kama theluthi hivi, mtu analalamika sensa feki kumbe angefunga boliti ya chuma pale inapotazama ingemaliza kazi. Angalia na herufi za mwisho: BX ni NPN (inayounga waya wa ishara na hasi) ya NO, AX ni NPN ya NC, hiyo AX ndo ya kutafuta. Zenye Y ni PNP, hizo zinatoa volti za supplai kwenye waya mweusi, ule wa ishara, ukiilisha 12 au 24 kisha ukachomeka moja kwa moja kwenye pini ya Uno ya volti 5 umeiua bodi. Hata NPN nyingine zina resista ndani inayovuta kwenda chanya, kwa hiyo pitisha kwenye optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme) kama PC817 ulale usingizi. Waya wa kahawia ni chanya, wa bluu hasi.

Za mwanga mimi sizipendi kwenye mbao, vumbi.

Halafu kuna hii ya mashine kusimama yenyewe katikati ya kazi na kuandika ALARM:1, yaani limiti imegongwa, mtu anabadilisha sensa mara tatu. Zima spindo (mota inayozungusha kisu), endesha kazi ileile hewani. Alamu ikipotea basi sensa ni nzima, ni kelele za umeme zinaingia kwenye waya. Ile resista ya ndani ya Uno inayoivuta pini kwenda volti 5 ni kati ya 20k na 50k, dhaifu sana kwa waya mrefu, ongeza ya nje ya 4.7k kwenda volti 5 na kapasita ya 0.1µF karibu na pini, tumia kebo yenye neti ya waya kuzunguka nyaya zake, na neti hiyo uigraundi upande mmoja tu, na usiifunge pamoja na waya za mota, hata kama inapendeza zikiwa fungu moja.

Na wapo wanaoruka kitufe cha dharura kwa sababu "limiti zipo". Limiti ikigongwa Grbl inakata mwendo wa mota, lakini ruta, yaani spindo uliyoichomeka ukutani, inaendelea kuzunguka kama kawaida na kisu kimeshazama kwenye mbao. Kitufe kikate umeme wa mota na wa ruta moja kwa moja kwa kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa na umeme), bila kumwomba Arduino ruhusa.