Uhuru wa dini Zanzibar: mipaka yake hupimwaje?

"Mwanangu, hapa karibu sote Waislamu. Kwa nini sheria isifuate tutakavyo sisi wengi?"

Aliniuliza mzee mmoja barazani Mkunazini, baada ya mafunzo yetu ya haki za binadamu. Adhana ya alasiri ndiyo kwanza imekwisha, na juu ya mapaa mnara wa kanisa la Anglikana unaonekana. Swali lake huulizwa na wengi, ndiyo maana nalijibu hapa.

Kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuchagua dini na hata kuibadili. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia 1976, inatenganisha mambo mawili. Imani iliyomo moyoni haiwekewi mpaka, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Kinachoweza kuwekewa mipaka ni kuidhihirisha: ibada, mavazi, mahubiri. Na mpaka huo lazima uwe umeandikwa katika sheria, uwe na lengo kama usalama, afya au haki za wengine, tena uwe wa lazima kweli.

Hakuna anayesema dini iondolewe serikalini kabisa. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu tunazipeleka Mahkama ya Kadhi, na hilo ni sawa.

Ugumu huanza tukitaja maadili. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia Mkataba huo, ilieleza kwamba mpaka unaowekwa kwa ajili ya maadili usitokane na mila ya kundi moja tu. Hapo mzee akakunja uso.

Nikamwambia habari ya Ufaransa, ambako Waislamu ndio wachache. Sheria ya 2010 ilikataza kufunika uso hadharani, na wanawake wawili wavaa nikabu wakatozwa faini. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imeikubali sheria hiyo mwaka 2014, katika kesi ya mwanamke mwengine, kwa hoja ya "kuishi pamoja". Kwangu mimi ilikosea: hoja pana kiasi hicho inaweza kumnyima haki yeyote ambaye wengi hawapendi sura yake. Wale wawili walikwenda mbele ya Kamati, na mwaka 2018 ikaamua kwamba Ufaransa imevunja haki yao, kwa kuwa haikuonesha ulazima wa katazo hilo. Kipimo kilichowalinda ni kile kile kinachomlinda Mkristo wa Wete au Mhindu wa Mji Mkongwe.

Mzee alinyamaza kitambo, akizungusha tasbihi.

"Na spika ya msikiti wetu? Nayo inapimwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mzee wangu. Ikiwekwa sheria ya kiwango cha sauti, iwabane msikiti, kanisa na ukumbi wa harusi sawasawa. Ikimbana mmoja peke yake, njoo ofisini kwetu tuipinge."