Dalali Akiondoka, Bamia Zilizokomaa Zitakwenda Wapi?

Juma lililopita niliketi katika ukumbi mmoja hapa kisiwani Mombasa nikimsikiliza kijana mwerevu akieleza programu ya simu ambayo, kwa maneno yake, itamwondoa dalali kati ya mkulima wa Kwale na jiko la hoteli ya Mombasa, na siku hiyo hiyo bei ya mkulima itapanda maradufu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo, nikapata kwamba hotuba hiyo nimeisikia mara nne mwaka huu, kila mara kutoka kwa mtu tofauti na kila mara ikiwa na picha ile ile ya mkulima anayetabasamu akiwa ameshika simu. Tulipotoka kunywa chai, kijana aliniuliza kwa adabu zote, "Mama, mbona wewe hukupiga makofi?" Nikamjibu kwa swali: bamia zitakazokomaa Jumatano, hoteli yako isipozitaka, utampelekea nani? Hakuelewa nilichomaanisha, na kwa kuwa si yeye peke yake asiyeelewa, nimeona bora niandike.

Kazi yangu ni kuunganisha vikundi vya wakulima na wanunuzi wa mjini: hoteli za ufukweni, mikahawa, wapishi wa harusi, na shule mbili tatu. Nimesimamia mikataba mingi na mingi kati yake imekufa, lakini siwezi kukumbuka hata mmoja uliouawa na dalali.

Nianze na bamia, kwa sababu ndizo zilizonifundisha. Ua la mbamia likishafunguka, tunda huwa tayari baada ya siku chache tu, na shamba lililoanza kuzaa huchumwa kila baada ya siku mbili, mvua inyeshe au jua liwake. Ukiruka mchumo mmoja, bamia hurefuka, huota nyuzi na kuwa mti. Sasa hoteli hupokea mboga Jumanne na Ijumaa, kwa sababu ndivyo stoo yake ilivyopangwa, na mpishi mkuu anataka bamia isiyozidi urefu wa kidole, iliyonyooka, isiyo na doa jeusi. Bamia haijui Jumanne wala Ijumaa. Mchumo unaoangukia kati ya siku hizo, pamoja na zile zilizopinda na zile zilizopitiliza, hauna nafasi katika mkataba wowote niliowahi kuuona. Hoteli hununua sehemu ya shamba. Dalali hununua shamba zima, pamoja na vilema vyake. Hili ndilo jambo ambalo watu wa programu za simu hawalioni, kwa sababu wao huanza kuhesabu kutoka jikoni na kurudi shambani, ilhali mkulima huanza na kile kilichoota.

Nililiona kwa macho yangu katika lango la nyuma la hoteli moja. Kikundi changu kilikuwa kimeleta kilo 60 za bamia, oda yetu ya kwanza kubwa, na katibu wa kikundi alikuwa amevaa shati la Ijumaa. Mtunza stoo akamwaga kiroba juu ya meza, akachukua bamia moja na kuibana ncha kwa kidole gumba. Ikakatika kwa mlio mdogo. Hiyo ni laini, akaiweka kulia. Ya pili ikapinda bila kukatika. Hiyo ina nyuzi, ikaenda kushoto. Akaendelea hivyo bila haraka na bila uonevu wowote, na alipomaliza alipokea kilo 34. Zile 26 tulizipeleka soko la Kongowea, tukafika karibu na adhuhuri, saa ambayo soko la jumla limeshapoa na waliobaki wananunua kwa bei ya huruma. Aliyezinunua alikuwa mzee yule yule tuliyempiga marufuku kijijini miezi miwili kabla, kwa azimio lililopitishwa kwa kunyoosha mikono. Alitupokea kwa heshima kubwa. "Karibu, mwanangu," akaniambia, kisha akataja bei aliyoitaka yeye.

Jambo la pili linalonikera ni hesabu ya "tofauti ya bei". Mtu husimama Kongowea, akaona bamia zinauzwa shilingi 70 kwa kilo, akasikia kwamba shambani zilinunuliwa kwa 40, akatangaza kwamba dalali amekula 30. Tuchukue mfano huo huo tuutembeze barabarani. Dalali ananunua kilo 100 kwa shilingi 4,000. Bodaboda kutoka shambani hadi lami, gari la kuja mjini, hamali na ushuru wa soko vinamgharimu, tuseme, 1,100. Njiani kilo 12 zinanyauka au kupondeka, kwa hiyo anauza 88 na kupata 6,160. Anabaki na shilingi 1,060, yaani kumi na kidogo kwa kilo, na hapo hatujahesabu usingizi wake. Siku ambayo soko limefurika, anauza kwa 50 na anarudi nyumbani amepoteza 700. Mimi sisemi kwamba kila dalali hupata kumi. Nasema kwamba anayetaja 30 hajawahi kulipa hamali.

Na bado sijagusa pesa zenyewe, ambazo ndizo kiini cha mambo. Dalali hulipa mkono kwa mkono, au kwa M-Pesa kabla gari halijaondoka. Hoteli hupokea ankara, huipeleka kwa mhasibu, na hulipa baada ya siku 30. Katika miezi ya Mei na Juni, watalii wakiwa wamepungua, siku 30 huzaa nyingine 30. Mkulima aliyechuma leo ana karo ya mtoto leo. Nimewaona wakulima, waliosaini mkataba wangu kwa bei nzuri zaidi, wakiuza nusu ya mavuno yao pembeni kwa bei ya chini, na kwa miaka kadhaa niliwaita wasaliti katika ripoti zangu. Naona haya kuzisoma ripoti hizo. Shilingi 40 za leo na shilingi 60 za baada ya miezi miwili si bidhaa moja, na mkulima anayechagua za leo amepiga hesabu vizuri kuliko mimi niliyekuwa na mshahara wa kila mwezi. Zaidi ya hapo, dalali ndiye aliyemkopesha mbegu, na ndiye aliyetuma pesa za hospitali usiku. Mkopo huo una riba iliyofichwa ndani ya bei, wala sikatai. Lakini aliyeleta mkataba bila kuleta mkopo ameleta nusu ya kazi.

Kuna na karatasi. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara asiye na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa ankara za kodi, hawezi kulihesabu alilonunua kama gharama mbele ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na mkulima wa robo ekari hana mfumo huo wala hautaki. Sheria ililegezwa baadaye ili mnunuzi aweze kutoa ankara mwenyewe kwa niaba ya mkulima mdogo, lakini jaribu kumweleza hivyo mhasibu wa hoteli mwishoni mwa mwezi. Atakuambia ulete msambazaji mwenye kampuni. Na msambazaji mwenye kampuni ni nani, kama si dalali aliyejisajili?

Nisieleweke vibaya kwamba nimekuwa wakili wa madalali. Dhambi zao nazijua na nyingine nimezilipia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni wizi, hata ikiitwa desturi: kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na bado ukipita sokoni utaona magunia yaliyofumwa kilemba juu kama bwana harusi. Kuna mizani iliyochezewa. Kuna madalali wanaokubaliana bei kabla ya kuingia kijijini, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Wao nao ni wafanyabiashara, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Tiba ya mizani mbovu, hata hivyo, ni mizani nzuri, na tiba ya mnunuzi mmoja ni wanunuzi watatu. Kumfukuza mtu aliyekuwa akifanya kazi tano kwa sababu mojawapo anaifanya kwa hila, bila kuwa na wa kuzifanya nne zilizobaki, ni jambo nililolifanya mwenyewe, na matokeo yake nimekwisha kuyasimulia.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulituonyesha jambo hilo kwa ukali. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwishoni mwa Machi, na kuanzia tarehe 8 Aprili watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, ingawa mizigo ya chakula iliendelea kupita. Hoteli zilifunga milango. Vikundi vyangu vilivyokuwa vimejifunga na hoteli peke yake, vile nilivyokuwa nikivitaja kama mfano wa kuigwa, vilibaki na letasi na nyanya ndogo za saladi ambazo hakuna mama mboga wa Likoni aliyezitaka. Waliokuwa na dalali na mchicha waliendelea kuuza. Baada ya hapo niliacha kutumia neno "mfano".

Nilichojifunza kutokana na mwaka ule ni kuwatazama wanunuzi niliokuwa nikiwapita njiani kwenda hotelini. Mkahawa wa mjini unaouza mahamri na mbaazi asubuhi, na wali wa nazi, samaki na mchicha mchana, hununua kila siku, hulipa kila siku, na hauulizi kama biringanya imenyooka kwa sababu itakatwa. Oda yake ni ndogo, hilo ni kweli, lakini mikahawa kumi na miwili katika mitaa mitatu ni oda moja kubwa yenye miguu mingi. Mwenye mkahawa anajua pia kalenda isiyoandikwa katika jedwali langu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka; mchana jiko la mkahawa hulala, na magharibi mji wote hutaka muhogo wa nazi, viazi, matunda ya maji. Muhogo hukaa ardhini miezi minane hadi kumi na miwili, kwa hiyo anayetaka kuuvuna kwa futari ya mwakani lazima aupande akiwa ameshapiga hesabu ya mwezi mwandamo. Mzee wa Kongowea anaipiga kichwani. Mimi ilinichukua misimu miwili kugundua kwamba inapaswa kupigwa.

Sasa mashaka yangu. Sina hakika kwamba mkulima aliyeunganishwa nami ana fedha zaidi mwisho wa mwaka kuliko jirani yake anayemuuzia dalali. Bei yake kwa kilo ni bora, hilo naweza kulionyesha kwa ankara. Lakini amehudhuria mikutano yangu, amechuma alfajiri mara mbili zaidi, amebeba hasara ya zilizokataliwa, na muda wake sijawahi kuulipa wala kuuhesabu. Pia sina hakika kwamba mlaji wa Mombasa anajali mboga ilipotoka. Husema anajali, kisha hununua nyanya za Loitokitok na vitunguu vilivyovuka mpaka kutoka Tanzania, kwa sababu ni imara na ni rahisi, na simlaumu. Sehemu kubwa ya jiko la mji huu hulishwa kutoka mbali, na mvua za masika zikikawia Pwani, hakuna uzalendo unaoweza kujaza sufuria.

Kwa hiyo siku hizi nikiingia kijiji kipya, baada ya kumwamkia mzee wa mtaa, namuulizia dalali. Namtaka akae kwenye mkutano, aseme mbele ya watu hununua nini, siku gani, na kwa nini alikataa mzigo wa juzi. Kikundi kimoja cha upande wa Msambweni tumekipanga hivi: bamia za daraja la kwanza zinakwenda hotelini Jumanne na Ijumaa, za pili zinakwenda kwenye mikahawa kila asubuhi, na zilizobaki anazichukua mzee wangu wa Kongowea, yule yule, kwa bei iliyoandikwa ukutani na inayobadilishwa kila Jumatatu. Analeta gari saa kumi na moja na nusu alfajiri na hajachelewa hata siku moja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu gari letu. Anawakopesha mbegu kama zamani, ila sasa mkopo unaandikwa kwenye daftari na kila upande una nakala. Mizani ya kikundi, hata hivyo, hulala nyumbani kwa katibu.