Papai bivu halikuliwa na punju

Papai likikutwa limetobolewa uani, huku Pete na Jozani, Unguja, mtuhumiwa wa kwanza ni kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar. Jina limeshamhukumu: punju ni sumu. Lakini tumbo lake huchachusha majani, mfano wa ng'ombe, na tunda tamu lililoiva linamvuruga. Anachotaka ni majani machanga ya mwembe na mti wa mkungu, kisha utamwona kakaa jikoni kwa watu anatafuna kaa la moto uliozimika, limpunguzie ukali wa majani hayo.

Basi tazama chini ya mpapai. Vibonge vya makapi vilivyotafunwa na kutemwa ni vya popo. Yeye hufyonza maji tu. Mikwaruzo miwili miwili, panya. Tunda likiondoka mchana kweupe, mtafute kima wa kawaida, yule mwenye vifuko mashavuni: hujaza, hukimbia, hulia juu ya mti.

Punju naye si malaika, vidaka, yaani nazi changa kabisa, anakula. Ila mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi kabla havijawa vitale, kwa hiyo mimi nikiviokota huangalia kwanza kama vina alama za meno.