Msitu mzima ndani ya baiti moja

Ninafundisha vijana kuandika programu za chipu ndogo, zile zinazoendesha mageti ya umeme na pampu za maji. Lalamiko ninalolisikia kila muhula ni moja: kumbukumbu haitoshi. Chipu ya Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kujifunzia, ina baiti 2,048 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Konsoli ya Atari VCS, mashine ya kuchezea gemu kwenye runinga kutoka kampuni ya Atari, iliyoingia madukani Marekani mwaka 1977, ilikuwa na 128. Ujumbe wa simu wa herufi 160 haungeenea humo. Alama za mchezaji, maisha aliyobakiza, adui alipo na anakoelekea, vyote vilibanana ndani ya baiti hizo.

Ndiyo maana huwa nawaeleza wanafunzi habari za walioandika gemu zile. Mara nyingi gemu nzima ilikuwa kazi ya mtu mmoja: ndiye aliyebuni mchezo, akaandika kodi (maagizo ya programu), akachora na kutengeneza sauti. Ukijua mashine ilivyofanya kazi, unaanza kuona akili ya mtu huyo kwenye skrini, na unaelewa kwa nini jina lake linastahili kutajwa.

Tuanze na mashine. VCS haikuwa na mahali pa kuhifadhi picha. Runinga za Marekani wakati ule zilichora mistari 262 kwa kila picha, picha 60 kwa sekunde, na prosesa ilipaswa kuiambia chipu ya picha cha kuchora mstari kwa mstari, wakati mwali wa elektroni unaochora picha kwenye kioo cha runinga ukikimbia. Kwa kila mstari prosesa ilipata midundo 76 tu ya saa yake. Amri moja hula midundo miwili, mitatu, au zaidi, kwa hiyo una amri ishirini na kitu, kisha mwali umeshafika mstari unaofuata. Ukichelewa, picha inavurugika. Hesabu za mchezo wenyewe, kama nani kagongwa na nani kapata alama, zilisubiri mistari isiyoonekana juu na chini ya skrini. Na mandhari ya nyuma ilikuwa na biti 20 tu (tarakimu za 0 au 1), za nusu ya skrini. Nusu ya pili ilikuwa nakala ya ile ya kwanza, au taswira yake kama kwenye kioo.

Sasa mchukue David Crane na Pitfall!, ya mwaka 1982. Mchezaji anakimbia msituni, anaruka mashimo na mamba, na msitu huo una skrini 255. Katriji, kasha la gemu linalochomekwa kwenye konsoli, ilikuwa na kilobaiti 4 kwa kila kitu, kwa hiyo kuzihifadhi skrini zote hizo moja moja hakukuwezekana. Crane hakuzihifadhi. Alitafuta kanuni ya kuzizalisha.

Kila skrini ni namba moja ya baiti moja, yaani biti nane. Ya kwanza ni 196, yaani 11000100 kwa tarakimu za kompyuta. Tarakimu mbili za kushoto zinaamua miti ipangwe vipi, tatu za kati zinaamua hatari iliyo ardhini, na tatu za kulia zinaamua ukutane na kitu gani. Ukitoka upande wa kulia wa skrini, programu inatazama tarakimu ya 1, ya 3, ya 4 na ya 5 kutoka kushoto. Kama idadi ya zilizo 1 ni witiri, tarakimu mpya ni 1. Kama ni shufwa, ni 0. Kisha zote zinasukumwa hatua moja kushoto, ya mwanzo inadondoka, mpya inaingia upande wa kulia. 11000100 inakuwa 10001001, yaani 137. Inayofuata ni 18, halafu 37, na kuendelea mpaka namba zote 255 zimepita, bila hata moja kujirudia, ndipo mzunguko unaanza upya. Ukirudi kushoto, hesabu inafanywa kinyumenyume, na mamba uliyemwacha utamkuta palepale. Crane aliichagua 196 kwa makusudi ili mchezaji aanze sehemu isiyo ngumu sana. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote, maana hesabu ilimpa msitu, lakini mahali pa kumpokelea mgeni alipachagua yeye mwenyewe.

Carol Shaw alikwenda njia inayofanana na hiyo mwaka huohuo katika River Raid, ambapo ndege inapaa juu ya mto mrefu. Shaw alisoma uhandisi na sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaingia Atari mwaka 1978, na ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kufanya kazi hii. Alitaka kuanza na gemu ya anga za juu, mwenzake Alan Miller akamwambia gemu za aina hiyo zimeshazidi. Mto wake nao unazalishwa kwa hesabu inayoanzia namba ileile kila mara, kwa hiyo wachezaji wote hupita mto mmoja. Tazama kingo zake: kushoto na kulia zimelingana kabisa. Ni ile nusu skrini inayojirudia kama kwenye kioo. Shaw aliuchukua upungufu wa chipu akaufanya bonde la mto, na macho yanaukubali bila swali.

Howard Scott Warshaw naye, katika Yars' Revenge, alihitaji utepe wa rangi zinazometameta katikati ya skrini. Hakuwa na nafasi ya kuuchora, basi akaonyesha baiti za programu yake mwenyewe kama picha. Mchezaji anapita juu ya kodi inayouendesha mchezo. Mtu huyu hutajwa zaidi kwa E.T., gemu iliyokosolewa sana ambayo alipewa wiki tano tu kuiandika, na hilo halimtendei haki hata kidogo.

Atari haikuweka majina ya waandishi wake kwenye gemu zao. Mmoja wao, Warren Robinett, alipoandika gemu ya Adventure, alificha chumba cha siri. Unatafuta nukta moja ya kijivu yenye rangi sawa na ya mandhari ya nyuma, unaibeba hadi sehemu fulani, na unaingia chumbani palipoandikwa kwamba gemu imetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mkubwa wake yeyote. Gemu ilipotoka mwaka 1980 alikuwa ameshaondoka, na aliyekigundua chumba hicho ni kijana mmoja wa Salt Lake City aliyeandika barua kwa kampuni.

Crane, Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan nao walichoka. Mwaka 1979 waliondoka Atari, wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy, kampuni ya kwanza kutengeneza gemu za konsoli ya kampuni nyingine. Katika vijitabu vyao mbunifu alitajwa kwa jina, picha yake ikawekwa, na yeye mwenyewe akampa mchezaji dondoo za kucheza.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, pakua Stella, emuleta ya VCS isiyolipiwa, yaani programu inayoiga konsoli hiyo kwenye kompyuta. Ina sehemu ya ukaguzi inayoonyesha baiti zote 128 kwenye jedwali moja, zikibadilika mchezo unapoendelea. Anza na Pitfall!, kimbia kulia, na uitafute baiti inayotoka 196 kwenda 137. Jedwali linaandika kwa mfumo wa tarakimu 16, kwa hiyo utaiona kama C4 ikigeuka 89. Baada ya 37, piga hesabu ya namba inayofuata kwenye karatasi kabla hujavuka.